Tukihama na Watoto, Twatafuta Nini?



Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, Misa ya pili ilipokwisha, mtu mmoja alinisubiri nje ya kanisa, barua mkononi. Ni mtumishi wa forodha, mtu wa bara, mwenye mke na watoto watatu, aliyefanya kazi yake miaka mingi bila makelele. Barua ile ilikuwa ya uhamisho. Ilimtaka aripoti Kilambo, mpakani mwa Msumbiji, mwaka mpya utakapoanza.

"Baba Padre," akaniambia, "mimi mwenyewe nitalala popote, hata chini ya turubai. Mashaka yangu ni juu ya binti."

Binti huyo ana miaka 15. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa Kidato cha Pili, na Januari angeingia Kidato cha Tatu, ambapo mwanafunzi huchagua masomo atakayoyashika mpaka mwisho. Yeye alikuwa amechagua zamani moyoni mwake: fizikia na kemia. Ndugu zake wawili bado ni wadogo, nao wangefuata wazazi bila swali. Lakini msichana wa miaka 15 si mzigo wa kufungwa kamba na kupakiwa juu ya basi. Basi baba akaniuliza mambo mawili: shule gani huko ni nzuri, na mtaa gani ni mzuri?

Nilimjibu kwa machache niliyoyajua. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua kwamba swali lake halikuwa la kutaka habari tu. Lilikuwa swali la haki na wajibu. Tena si lake peke yake. Kila mwaka huulizwa na walimu, wauguzi, askari, wafanyakazi wa viwanda na wachuuzi, yaani kila mtu ambaye riziki yamwondoa mahali pamoja na kumpeleka pengine naye ana kijana nyumbani. Kwa hiyo yafaa tulitazame pamoja, polepole.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Kilambo ni kijiji cha Wilaya ya Mtwara, kusini-mashariki ya mji, mwendo usiofika kilomita 50. Hapo Mto Ruvuma umekwisha kutanuka, wakaribia bahari, una mafungu ya mchanga na mikoko, na kivuko hutazama kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kuondoka. Ng'ambo ni Msumbiji. Wenyeji wengi ni Wamakonde, na wengi wao ni Waislamu, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani ile. Mtu wa bara akisikia jina la Kilambo hudhani ni mwisho wa dunia. Kumbe si mbali na hapo ndipo Msimbati na Ghuba ya Mnazi, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1982, na Madimba, ambako tangu mwaka 2015 gesi husafishwa na kupelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Msichana apendaye kemia angeweza kujifunza jambo kwa kukaa karibu na mahali kama hapo.

Sasa, baba yule alikuwa na njia nne mbele yake. Ya kwanza, kwenda naye Kilambo asome katika sekondari ya kata. Ya pili, mama na watoto wapange nyumba mjini Mtwara, naye baba akae kituoni peke yake, awafuate siku za mapumziko. Ya tatu, kumpeleka shule ya bweni, ikiwa nafasi na fedha zapatikana. Ya nne, kumwacha kule kule bara kwa shangazi yake, amalizie shule aliyoizoea. Kila njia katika hizo nne ina watu wanaoisifu. Jamaa za baba walisema bweni. Mama alisema mjini. Shangazi alisema, "Niachieni mimi." Hakuna aliyesema Kilambo.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Kwa nini hakuna aliyesema Kilambo?

Tutafakari kwanza habari ya bweni, maana ndiyo njia yenye heshima kuu katika nchi yetu. Hakuna ajabu. Watu wengi waliolitumikia taifa hili walitengwa na nyumba zao wangali wadogo. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akiwa na miaka 12 kwenda Shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Huko kusini kwenyewe, Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alisoma Ndanda, na Kigonsera, na Pugu, kabla ya kwenda Makerere. Ndanda ni mahali ambapo Wabenediktini walifika mwaka 1906, baada ya vita vya Majimaji kuharibu misheni zao za Lukuledi na Nyangao. Vivyo hivyo Chidya, iliyo ya Waanglikana wa UMCA, ililea vijana wengi wa Masasi na Newala. Baada ya Uhuru serikali nayo ilitumia shule za bweni kuwachanganya vijana wa makabila mbalimbali, ili Mhaya na Mmakonde walale chumba kimoja na kula sufuria moja. Mema ya shule hizo hatuwezi kuyakana.

Lakini tusidanganyike kwa mifano hiyo. Mtoto wa mwaka 1934 alipokwenda mbali, hakuiacha shule nyuma yake, maana shule haikuwapo. Alikwenda mbali kwa sababu elimu ilikuwa mbali. Leo mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi na serikali wamejenga sekondari katika kata baada ya kata. Tangu mwaka 2016 ada ya Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne imefutwa katika shule za serikali. Kwa hiyo mzazi wa leo akimpeleka mtoto mbali, tendo lake si lile lile la mzazi wa zamani, ijapokuwa lafanana nalo kwa sura. Yule wa zamani alikuwa akiitafuta shule. Huyu wa leo, mara nyingi, anaikimbia shule iliyopo. Pengine ana haki ya kuikimbia. Lakini na ajiulize kwanza anakimbia kitu gani.

Tena kuna jambo jingine juu ya bweni ambalo nalijua kwa nafsi yangu. Mimi niliondoka nyumbani nikiwa na miaka 13 kwenda seminari ndogo. Sijuti kwenda, na walezi wangu walikuwa watu wema. Lakini mwaka wa kwanza ule baba yangu aliugua, nami sikuambiwa mpaka alipopona, ili nisisumbuke katika masomo. Walifanya kwa upendo. Hata hivyo niliporudi likizo nikamkuta amekonda, na wadogo zangu wanajua namna ya kumpikia uji nami sijui, nilijiona mgeni katika nyumba ya baba yangu mwenyewe. Sisemi hayo ili kuwalaumu wazazi wanaopeleka watoto bweni. Nasema tu kwamba gharama ya bweni haiandikwi yote katika karatasi ya ada. Na wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana wa miaka 15 ana nyoka zake, na baadhi yake huja usiku, wakati hakuna wa kuitwa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe: shule nzuri. Wengi wetu tukiulizwa twajibu kwa matokeo ya mtihani. Twafungua orodha ya Baraza la Mitihani, twahesabu madaraja ya kwanza, kisha twasema, hii ni nzuri, ile ni mbaya. Matokeo si kitu cha kudharauliwa. Mtoto akitaka kuwa mhandisi au mganga, lazima apite katika mlango huo. Lakini matokeo husema habari mbili kwa sauti moja, nayo masikio yetu husikia moja tu. Husema jinsi shule ilivyofundisha. Husema pia ni watoto gani waliopokelewa tangu mwanzo. Shule inayochagua wale waliofaulu sana, kisha yawaondoa njiani wanaolegea, itakuwa na matokeo mazuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida. Na shule ya kata inayopokea kila mtoto, pamoja na yule anayetembea njaa na yule asiye na kitabu, yaweza kufundisha kwa bidii kubwa na matokeo yake yaonekane duni. Ni kama kulinganisha zahanati ya kijijini na nyumba ya watu wenye afya, kisha kusema kwamba hii ya pili ina tiba bora, kwa kuwa watu wake hawaumwi!

Basi mzazi aulize nini? Mimi nadhani aulize mambo ya karibu, yanayoonekana kwa macho. Je, yupo mwalimu wa fizikia, na amekaa hapo miaka mingapi? Maabara ina vyombo, au ni jina juu ya mlango? Watoto hula nini saa sita? Kuna matundu ya choo ya kutosha, na msichana aweza kujihifadhi kwa heshima siku zake zinapofika? Fimbo hutumika kwa kiasi gani, na nani huitumia? Wasichana walioanza Kidato cha Kwanza, wangapi wamefika cha Nne? Mkuu wa shule anayejibu maswali hayo bila kuficha, hata kama majibu yake ni ya kusikitisha, amekwisha kuonyesha kwamba shule yake ina uti wa mgongo.

Na mtaa mzuri je? Hapa pia twapotezwa na macho. Mtu akifika Mtwara huambiwa kwamba Shangani, karibu na ufuko, pana hewa safi na nyumba zenye nafasi. Kwamba Chikongola na Majengo pamesongamana. Na kila mwenyeji ana lake la kusema. Mimi sitapanga mitaa ya watu kwa daraja. Nataka kusema tu kwamba ukuta mrefu na geti la chuma si malezi. Katika mtaa wa kuta ndefu mtoto aweza kupotea nyumbani kwake mwenyewe, mlango umefungwa, simu mkononi, wala jirani asijue. Katika mtaa uliosongamana mama wa nyumba ya pili aweza kumwita kijana kwa jina lake na kumwuliza anatoka wapi saa hizi. Mkono mmoja haulei mwana. Basi anayepanga nyumba na atazame mambo haya: njia ya kwenda shule ni ndefu kiasi gani, na inapita wapi, saa kumi jioni nani yupo nyumbani, je, pana taa ya kusomea na maji ya karibu, au binti atakuwa mchota maji wa nyumba nzima, na majirani, je, ni watu wanaothubutu kumkemea mtoto wa mwenzao? Mtu wa bara mwenye kuhofu kukaa kati ya Waislamu, kwa kuwa yeye ni Mkristo, na aliulize swali hilo la mwisho kabla ya yote. Mama Mwislamu anayemrudisha binti yako nyumbani kabla ya magharibi amekufaa kuliko Mkristo mwenzio asiyejua jina lake.

Lakini, wasomaji wapenzi, mpaka hapa tumezungumza habari ya busara tu. Bado hatujafika kwenye swali gumu. Swali gumu ni hili: je, katika kuchagua shule na mtaa, nina wajibu wowote kwa wale ninaowaacha?

Fikirini. Pale Kilambo wapo watumishi wa forodha, wa uhamiaji, askari, walimu, waganga. Ndio watu wenye elimu na mshahara. Ikiwa kila mmoja wao amwondoa mtoto wake na kumpeleka mjini au bweni, katika ile sekondari ya kata watabaki watoto wa wavuvi na wakulima wa korosho peke yao. Katika mkutano wa wazazi hapatakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini mwalimu wa hisabati hajaletwa, au vitabu vimekwenda wapi. Wenye sauti hawana watoto pale, na wenye watoto pale hawana sauti. Kisha matokeo yakitoka, wale wenye sauti husema, "Mnaona? Tulifanya vema kuwaondoa wa kwetu." Shule hudhoofika kwa sababu waliondoka, nao huondoka kwa sababu imedhoofika. Na mtoto wa mvuvi naye ana macho. Anapoona kwamba hakuna mtumishi hata mmoja anayemsomesha mwanawe pamoja naye, anafundishwa somo ambalo hakuna mwalimu aliyeliandika ubaoni: kwamba shule yake ni ya watu wasiohesabiwa. Mjini watu huziita shule za namna hiyo "Kayumba", nao hucheka. Mtoto wa Kayumba hacheki.

Najua jibu litakalotolewa, maana baba yule alinipa papo hapo, tena kwa ukali kidogo. "Padre, wewe huna mtoto. Mimi sitamtoa binti yangu awe dawa ya kuponya shule ya serikali."

Neno lake lina haki ndani yake, wala sitalipuuza. Wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Ndivyo akili inavyofundisha, na ndivyo Mtaguso wa Vatikano ulivyokiri katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965. Baba hana ruhusa ya kumtumia mtoto kama chombo cha kutengenezea jamii. Mtoto ana nafsi yake, naye aishi mara moja tu ujana wake. Lakini tamko lile lile, linapowakumbusha Wakatoliki habari ya shule, lawakumbuka pia maskini, kwamba wasisahauliwe. Haki ya baba haikufuta haki ya jirani. Basi twawezaje kuzishika zote mbili?

Mimi naona njia imo katika kutofautisha mambo mawili ambayo midomoni mwetu huwa kitu kimoja: madhara, na kukosa faida. Madhara ni kitu kinachomvunja mtoto. Msichana atembee kilomita nyingi porini kabla ya mapambazuko, hayo ni madhara. Apange chumba peke yake karibu na shule, katika yale yanayoitwa mageto, bila mtu mzima, hayo ni madhara, na wazazi wa Mtwara na Lindi wanayajua machozi yake. Asome fizikia miaka miwili bila mwalimu wa fizikia, hayo nayo ni madhara, kwa kuwa mlango wa maisha yake wafungwa. Na mambo ya usalama wa mpaka si ya kufumbiwa macho. Mwezi wa Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, katika wilaya hiyo hiyo, kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo ya mto. Mzazi akimwepusha mtoto na madhara ya kweli hana deni la kuulizwa. Anatimiza wajibu wake.

Lakini kukosa faida ni jambo jingine. Shule haina basi la manjano. Sare yake imepauka. Wanafunzi wenzake ni watoto wa watu wa kawaida, wanaongea Kimakonde wakati wa mapumziko. Hakuna rafiki ambaye baba yake ni mkurugenzi. Orodha ya matokeo haitaiweka juu, na mzazi hatakuwa na jina la kutaja akiulizwa kwenye harusi, "Wako anasoma wapi?" Hayo si madhara. Hayo ni kukosa kuwazidi wengine. Na mtu akiwakimbia jirani zake kwa sababu hiyo tu, huku akisema anamkimbiza mtoto kutoka hatarini, hasemi kweli, na mtoto atajifunza uongo huo kabla hajajifunza kemia.

Si rahisi kutofautisha. Mioyo yetu ni hodari kuvalisha majivuno nguo za wajibu. Kwa hiyo nilimwomba baba yule afanye jambo moja kabla ya kuamua: aende akaione ile shule anayoikataa. Asisikilize habari za njiani. Aende siku ya masomo, asimame mlangoni, awasikilize walimu na watoto. Hatuna ruhusa ya kulidharau jambo ambalo hatujalitazama.

Nikamwomba jambo la pili: amwulize binti. Alishangaa. Kwetu si desturi kumwuliza mtoto tutahamia wapi, wala mimi sisemi kwamba mtoto ndiye aamue. Mzee ni mzee. Lakini mtu mwenye miaka 15 anaachishwa rafiki zake, mwalimu aliyemwamini, na kwaya aliyoimba. Anastahili kuambiwa kweli mapema, na kusikilizwa mpaka amalize kusema. Tena yapo mambo ya wakati. Aliye Kidato cha Nne, ambaye amekwisha kuandikishwa kwa mtihani mahali fulani, si vema kumng'oa. Aliye mwanzo wa cha Tatu bado ana miaka miwili ya kuota mizizi, ilimradi shule inayompokea ina nafasi na masomo yake, na barua za uhamisho zishughulikiwe kabla ya Januari.

Kisha nilimkumbusha, na sasa nawakumbusha ninyi wasomaji, kwamba kuweza kuchagua kwenyewe ni neema ambayo wengi hawakuionja. Mto ule wa Ruvuma umevukwa na familia nyingi ambazo hazikuuliza mtaa gani ni mzuri. Walivuka wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964. Walivuka tena hivi karibuni, baada ya mashambulizi ya Cabo Delgado yaliyoanza mwaka 2017, na hasa Palma iliposhambuliwa mwezi wa Machi 2021. Mama aliyevuka na mtoto mgongoni na kijana mkononi hakuwa na njia nne mbele yake. Hata ndani ya nchi yetu wenyewe, miaka ya 1970, wakati wa kuanzisha vijiji, wazee wengi wa kusini walihamishwa na kuambiwa, jengeni hapa. Basi mwenye kuchagua asichague kama mtu aliyenunua haki yake dukani. Achague kama mtu aliyekabidhiwa kitu, ambaye ataulizwa alivyokitumia.

Baba yule alifanya yote mawili. Alikwenda kusini kabla ya wakati wake, akaitembelea sekondari ya kata. Alirudi kwangu wiki ya kwanza ya Majilio, naye hakuwa mkali tena. Alinieleza kwamba alimkuta mkuu wa shule mwanamke, aliyemjibu maswali yake yote bila kupaka rangi. Hisabati wanafundishwa vizuri. Mwalimu wa fizikia hakuwapo tangu mwaka uliopita. Na kutoka nyumba za watumishi mpaka shuleni, msichana angetembea saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni.

"Nilikwenda nikitafuta sababu ya kuikataa," akasema, "nikaipata. Lakini nilipoipata sikufurahi."

Binti naye aliulizwa. Hakuuliza habari ya matokeo, wala ya ufuko. Aliuliza neno moja: "Jioni nitakuwa na nani?" Wazazi wale walinyamaza, maana katika mashauri yote ya jamaa hakuna aliyelifikiria hilo. Likawaondolea njia mbili kati ya nne.

Mwisho wake, mama na watoto walipanga nyumba mjini Mtwara, si katika mtaa wenye sifa kubwa, bali mahali ambapo binti aweza kwenda shule ya kutwa ya serikali kwa miguu katika njia yenye watu, na ambapo mjane mmoja Mwislamu, mwenye nyumba, alisema mapema kwamba yeye hafungi mdomo akiona kijana anapotea. Baba amekaa Kilambo peke yake, naye huja siku za mapumziko. Si maisha mepesi. Anakula chakula alichopika mwenyewe, na mama hulea kijana akiwa na mkono mmoja. Gharama za nyumba mbili zinawalemea.

Lakini kuna jambo alilolifanya ambalo ndilo lililonisukuma kuandika haya. Alipokwisha kuripoti kituoni, aliwaendea watumishi wenzake, mmoja mmoja, akawaambia: "Watoto wetu hawasomi hapa. Tulikuwa na sababu, na pengine sababu zetu ni njema. Lakini shule hii iko katika kata tunayokula mshahara wake." Wakaanza kuchanga kila mwezi kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi, pamoja na wazazi wa kijiji. Na yeye, ambaye zamani alisoma fizikia mpaka Kidato cha Sita, kwa ruhusa ya mkuu wa shule huenda Jumamosi asubuhi anapokuwa na nafasi, akawafundisha watoto wa Kidato cha Nne mpaka mwalimu atakapoletwa. Anasema wanamcheka kwa matamshi yake ya bara.

Hakuiponya shule ile. Jumamosi moja si mwalimu. Wala hakumtoa binti yake awe dawa. Ila alikataa kuiondoa nafsi yake pamoja na mtoto wake. Na binti, akija Kilambo wakati wa likizo, huwakuta vijana wa rika lake wanaomjua baba yake kwa jina, nao humwuliza maswali ya fizikia ambayo wakati mwingine hawezi kuyajibu.

Basi, ndugu wazazi, mwezi wa Januari utafika tena na barua za uhamisho zitafika pamoja nao. Tafuteni shule, tafuteni nyumba. Ni wajibu wenu, wala msione haya kwa kuutimiza. Lakini kabla ya kuuliza ni wapi pazuri, ulizeni mtoto atakuwa na nani jioni. Na mkiisha kumpata mahali pake, geukeni nyuma mwatazame wale mliowapita njiani, maana nao wana watoto.